Kikohozi cha Hadu

Asubuhi ya Jumatatu Tuda alikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja cha mbio mguuni, cha pili mkononi, na kipima joto kwapani. Mama yake, Rabha, alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la kuni akipuliza makaa. Nje, theluji ilikuwa ikiporomoka kwa mabonge kutoka kwenye mapaa ya mji wa Azru, milimani Moroko.

"Kinasemaje?" Rabha aliuliza bila kugeuka.

Tuda akakitazama, kisha akakikung'uta haraka. "Kinasema nina joto kidogo."

"Kidogo cha mkate au kidogo cha tanuri?"

"Mama, jamani."

"Nauliza tu. Mimi si kocha."

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mbio za nyika za uteuzi kule Ifrani. Watakaotangulia wangeingia timu ya taifa, na aliyeingia timu ya taifa hakosi ajira katika timu za majeshi. Tuda alikuwa amezisubiri tangu siku alipovunjika mfupa wa mguu na kulazwa na bandeji ya plasta hapo hapo kitandani. Mguu ulipopona, pumzi haikuwepo. Pumzi iliporudi, umri ulikuwa umesogea, na watu wa mtaani walianza kumuuliza mama yake kama binti ataolewa au atakimbia mpaka azeeke. Sasa mguu ulikuwepo, pumzi ilikuwepo, na juu yake yakaja mafua. Yalianzia puani, yakapita kooni, na asubuhi hiyo alipokohoa aliyasikia yamekaa chini ya mbavu kama mtu aliyekwishakunjua mkeka akakaa.

Alivaa kiatu cha pili.

"Mgonjwa haulizwi uji," Rabha alisema, "ila wewe hata ukiulizwa hujibu." Akamfunga skafu ya sufu shingoni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Uwanjani Hadu alikuwa amefika kabla ya wote, kama kawaida, kwa sababu hakuwa ameondoka.

Hadu alikufa mwaka juzi, wakati wa theluji, kwenye kona ya pili ya uwanja huo huo, katikati ya mazoezi. Alikuwa na mafua yaliyoshuka kifuani, na kocha Zerwal alikuwa amemwambia kwamba jasho litayatoa. Alizikwa siku ile ile. Imamu alisema ajali haina kinga, na watu wakaitikia. Kesho yake asubuhi alionekana kwenye mstari wa kuanzia na fulana yake ya kijani, akikohoa. Kocha alitazama saa yake ya kupimia mbio, akasema, "Umechelewa," na Hadu akaomba radhi.

Tangu hapo alikuwa mshika kasi wa klabu, anayetangulia mazoezini ili wengine wamfuate. Alikuwa hachoki, hali, wala haombi viatu vipya. Klabu za miji mingine zililalamika kidogo mwanzoni, lakini ikaonekana hakuna kosa. Sheria inataka mkimbiaji awe hai siku ya mashindano, ila haisemi lolote kuhusu siku ya mazoezi. Shida ilikuwa kikohozi tu. Kikohozi hupona kitandani, na Hadu alikuwa amekwenda kaburini moja kwa moja bila kupitia kitandani, kwa hiyo alikuwa nacho vile vile, kikavu asubuhi na kizito mchana.

"Dada, sura hiyo umeikamulia ndimu?" Yamna alimuuliza Tuda walipokuwa wakinyoosha miguu. Yamna alikuwa mkubwa kuliko wote klabuni, mama wa watoto, mwenye mdomo usiojua likizo.

"Mafua tu."

"Mafua tu yana macho mekundu hivyo? Mwambie Zerwal."

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi niliwahi kumwambia nina mimba, akasema jasho litaitoa."

Walicheka, na kicheko cha Tuda kikaishia kwenye kikohozi. Kocha Zerwal alikuja akitembea polepole, mikono nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Viatu vya nusu ya wakimbiaji wale alivitafuta yeye, na mama mgonjwa wa mtu yeyote alimtembelea na sukari mkononi. Alimgusa Tuda kipaji cha uso kwa kiganja.

"Homa ni uvivu uliovaa koti, binti yangu," alisema. "Uvue hilo koti. Mimi nilishinda Kasablanka nikiwa na homa ambayo ungeweza kukaangia yai. Jumapili iko hapo. Unataka kulala au unataka kufika?"

"Nataka kufika."

"Haya." Akavua glavu zake mwenyewe akampa, maana baridi ilikuwa kali, akapuliza kipyenga.

Hadu alitangulia na Tuda akamfuata. Walikimbia wakikohoa kwa zamu.

"Chako kiko wapi?" Hadu aliuliza.

"Kifuani."

"Changu nacho kilianza hivyo hivyo. Usiku unatoka jasho?"

"Natoka."

"Mimi sasa sitoki," alisema Hadu. "Nadhani lingetoka, ningepona. Kocha husema bado kidogo."

Tuda alikazana nyuma yake. Alihifadhi pumzi. Alipomaliza, uwanja ulimzunguka mara moja bila yeye kukimbia, akashika ukuta mpaka ulipotulia.

Nyumba yao na ya kina Hadu ziligawana ukuta mmoja. Mama yake Hadu, Izza, alikuwa akisubiri kwenye ngazi na shali mabegani, kama alivyosubiri kila adhuhuri.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama Izza."

"Bado anakohoa?"

"Bado."

Izza alitikisa kichwa. Alikwishakwenda uwanjani kumchukua, zaidi ya mara moja, na soksi za sufu na chupa ya chai ya majani ya zaatari. Hadu alimbusu mkono, akamwambia, "Mama, kocha hajamaliza." Alipomwendea kocha, kocha alimjibu kwa heshima zote kwamba Hadu ni mtu mzima, hajafungwa kamba, mlango wa uwanja uko wazi. Yote hayo yalikuwa kweli. Izza alirudi nyumbani na soksi zake.

Sasa alimtazama Tuda vizuri. "Na hicho ulichonacho wewe ni nini?"

"Mafua tu."

"Njoo hapa." Aliweka sikio kwenye mgongo wa Tuda, juu ya koti, pale pale kwenye ngazi. Alisikiliza kwa muda. "Nakijua hiki," alisema. "Nilikisikia kwa mwanangu wiki nzima. Sikumzuia. Nilidhani wenye saa mkononi wanajua."

Siku ya pili yake Rabha alimburuta binti yake zahanati. Daktari Ghizlan alikuwa mwanamke mfupi aliyeongea huku akifanya jambo jingine. Alimsikiliza Tuda kifua, akamwambia avute pumzi, akamwambia avute tena.

"Yangekuwa mafua ya puani, ningekwambia nenda, tembea, kimbia taratibu, utachangamka," alisema huku akiosha mikono. "Haya yameshuka chini ya shingo, na una homa. Homa ikiwepo, moyo tayari unakimbia hata ukilala. Ukiuongezea mbio juu ya mbio, siku nyingine unavumilia. Siku nyingine hauvumilii."

"Jumapili nina uteuzi, daktari."

"Najua. Mji mzima unajua."

"Na nikikimbia?"

"Huenda usipate lolote. Wengi hawapati lolote, ndiyo maana makocha wana hadithi nyingi za ushindi." Alikausha mikono. "Hadu nilimwambia maneno haya haya, kwenye kiti hicho hicho. Akanishukuru sana. Alikuwa na adabu mtoto yule."

Njiani kurudi Rabha alipita sokoni. Alinunua karoti na dengu, akamwachia mwanawe kubeba mfuko mwepesi. Walipofika mlangoni tu ndipo alipofungua mdomo.

"Mimi nakusokotea sufu, sikukimbilii. Ukienda nitakupikia. Ukikaa nitakupikia. Ila usiniulize, maana nikijibu utasema ni mama ndiye aliyenizuia, na utanichukia mpaka uzee."

Tuda alilala akitazama dari. Kuamua lilikuwa jambo dogo sana: kuvaa viatu au kutovaa. Alijaribu kujiambia kwamba mwili ni wake na utamsikia. Alijaribu kujiambia kwamba mwaka ujao kuna uteuzi mwingine, kisha akakumbuka kwamba mwaka juzi alijiambia hivyo hivyo, na mwaka jana. Homa ilipanda na kushuka. Ilipopanda alijiona anapokea fulana nyekundu ya taifa. Iliposhuka alisikia upande wa pili wa ukuta Izza akikunjua magodoro, akiyakung'uta na kuyakunja tena, kama afanyavyo mtu anayetarajia mgeni asiyejulikana siku.

Alhamisi alivaa viatu.

Yalikuwa mazoezi ya mwisho makali kabla ya mbio. Zerwal alikuwa na furaha. "Nilijua!" alimwambia. "Nilijua wewe si wa kulala." Alimpanga nyuma ya Hadu, mzunguko baada ya mzunguko, kila mmoja wa kasi kuliko uliopita. Mzunguko wa kwanza Tuda aliuona mwepesi, mwepesi kupita kiasi, kama miguu ni ya mtu mwingine aliyemkodishia. Wa pili, kifua kilianza kubana. Wa tatu, walipoingia kona ya pili, moyo wake uliruka. Uliruka kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakanyaga mahali ambapo ngazi haipo.

"Ni hapa," alisema Hadu bila kugeuka.

"Hapa nini?"

"Hapa nilipoanguka. Moyo ulianza hivyo hivyo, ukaruka. Nikasema nitamaliza huu tu, kisha nitapumzika."

"Ukamaliza?"

"Bado," alisema Hadu.

Tuda akasimama.

Hakuanguka, hakulia. Alisimama tu, mikono magotini, mpaka moyo ukapata tena ngazi yake. Wengine wakampita, Yamna akimtupia jicho. Kipyenga kikalia kutoka upande wa pili wa uwanja, kikalia tena, kisha kocha mwenyewe akaja.

"Nini tena?"

"Naenda nyumbani kulala, kocha."

"Kulala! Leo? Tuda, nisikilize. Ukitoka saa hii, nafasi ya Jumapili naipeleka kwa yule binti anayetoka mji wa Khenifra. Sifanyi hivi kwa kukukomoa. Ndivyo kazi ilivyo."

Aliitazama nafasi ile kwa mara ya mwisho, kwa sababu ilikuwa yake kweli, hakuiiba, na ilikuwa nzuri.

"Mpe," alisema. "Ni mzuri. Anaweza mlima."

Akamrudishia glavu. Kisha akaona kwamba Hadu naye alikuwa amesimama, hatua chache mbele, akitetemeka kidogo katika fulana yake. Hakuna aliyewahi kumwona Hadu amesimama mchana.

"Na wewe twende," Tuda alimwambia.

"Kocha hajasema."

"Kocha hatasema, Hadu."

Hadu alimtazama kocha. Kocha alitazama saa yake ya kupimia mbio, ambayo bado ilikuwa ikihesabu, akaifuta kioo kwa kidole gumba, na hakusema neno, si la kumwachia wala la kumzuia. Wakangoja. Mbali kule wakimbiaji waliingia mzunguko mwingine.

"Njia ya nyumbani ni ile ile?" Hadu aliuliza.

"Wametia lami mpaka msikitini. Kuanzia hapo ni ile ile."

Walitembea taratibu, maana wote wawili walikuwa wagonjwa. Mwenye tanuri la mtaa, Mohand, aliyekuwa mlangoni akipunga upepo, aliwaambia, "Poleni na mafua," akaingia ndani akatoka na mkate wa moto, akampa Tuda aubebe chini ya koti. Hadu alimpa pole kwa kifo cha baba yake, pole ambayo alikuwa hajapata nafasi ya kuitoa mapema kwa ajili ya mazoezi. Mohand akamshukuru.

Izza alifungua mlango kabla hawajabisha. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka miguuni, kwenye tope la uwanja.

"Vua viatu," alisema. "Nimetandika."

Jioni ile na siku zilizofuata, ukuta ule mmoja ulikuwa na kikohozi pande zote mbili. Tuda akikohoa huku, Hadu alijibu kule. Rabha na Izza walipelekeana vyungu. Supu ya harira ilikwenda, bisara ya maharage ikarudi, na kwa kuwa wafu hawali, Izza alimwekea mwanawe bakuli karibu na uso ili apate mvuke, kisha akainywa mwenyewe ikiwa bado ya moto, akisema haifai kumwaga. Daktari Ghizlan alipita alipomaliza zamu yake. Alimsikiliza Tuda, akasema homa imeanza kukata tamaa. Alipita na upande wa pili, akamsikiliza Hadu kwa umakini ule ule.

"Moyo kimya," alimwambia Izza, "lakini mapafu yanafunguka. Aendelee kulala."

Hadu aliendelea kulala. Alilala usingizi wa mtu anayelipa deni, chali, mdomo wazi, na Izza alikaa karibu yake akichambua dengu ambazo zilikwishachambuliwa.

Jumapili Yamna alipiga simu kutoka Ifrani, kelele nyuma yake. Binti wa Khenifra alikuwa ameingia timu ya taifa. Tuda alimwambia ampongeze. Alipokata simu alijifunika blanketi mpaka kichwani, akalia kwa sauti kubwa bila aibu. Rabha alimwacha alie. Baadaye alikaa kitandani kwake, akamtia mkono nyweleni.

"Ungeshinda?" aliuliza.

"Sijui, mama. Huenda."

"Huenda," Rabha alikubali. "Nami ningekuwa nasubiri kwenye ngazi kama Izza. Huenda."

Homa iliondoka katikati ya juma lililofuata, bila kuaga. Kikohozi kilikawia, kikawa cha asubuhi tu, kisha kikawa cha kukumbuka. Na siku moja, jua likiwa limeingia dirishani, Tuda alikohoa kwa mazoea na hakuna aliyejibu. Alibisha ukuta.

"Hadu?"

"Nipo," Hadu alijibu. "Kimeisha."

Izza alimfulia fulana ya kijani, akaianika juu ya paa. Alidhani sasa mwanawe ataondoka aende wanakokwenda wengine, na alikuwa amejiandaa kwa hilo. Imamu naye alikuja kuuliza kwa upole mipango ikoje. Hadu alisema atakwenda, hana neno, ila kwanza angependa kukimbia mara moja akiwa mzima, kwa sababu alikuwa amesahau inavyokuwa. Imamu alifikiri, akasema haoni ubaya.

Daktari alimwambia Tuda aanze kwa kutembea. Alitembea mpaka soko la kondoo na kurudi. Alitembea mpaka kwenye mierezi ya kwanza, akakaa juu ya kisiki, akasikiliza moyo wake ukienda hatua kwa hatua, hauruki. Alipoanza kukimbia ilikuwa kukimbia kwa bibi anayewahi basi ambalo hana haja nalo sana. Daktari akasema vizuri, hivyo hivyo. Rabha akasema vuli si mbali, na vuli nayo ina mashindano yake.

Theluji ilipobaki vilimani tu, Tuda na Hadu walirudi uwanjani pamoja. Hadu alizunguka mara moja peke yake, bila kikohozi, mabega yameshuka, na wakimbiaji walisimama kumtazama, maana ilikuwa kasi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona hata alipokuwa hai. Kocha Zerwal alibonyeza saa. Aliitazama, akaipiga-piga, akaitazama tena.

"Mnaona?" aliwaambia wote. "Mnaona pumziko linavyofanya? Nimewaambia siku zote!"

Hakuna aliyekumbuka kuambiwa. Kisha kocha aligeuka kwa Yamna, ambaye asubuhi hiyo alikuwa na kitambaa puani na macho kama nyanya.

"Wewe nawe usianze. Jasho litayatoa. Haya, kwenye mstari."

Yamna alimtazama Tuda. Kipyenga kikalia, na kundi likaondoka, Yamna akiwa ndani yake.

Tuda alichukua njia ya nje kabisa, karibu na ukuta, mwendo wake wa bibi na basi. Hadu, ambaye alipaswa kuwa mbele ya kundi, alipunguza, akapunguza tena, mpaka wakawa bega kwa bega.

"Hadu! Mbele!" kocha alipiga kelele.

"Nimesikia, kocha," Hadu alijibu kwa adabu, akabaki alipo.

Kwenye kona ya pili walisikia hatua nyuma yao. Alikuwa Yamna, ameacha kundi, anatembea, anapenga kamasi.

"Nisogezeeni nafasi," alisema. "Na mtu asinisemeshe, nina hasira."

Wakamsogezea. Kipyenga kililia, kikalia tena, kisha kocha akachoka, akageukia waliobaki, ambao walikuwa wengi, akaanza kuwahesabia mizunguko kwa sauti.

"Ule mti nyuma ya jukwaa ni mti gani?" Hadu aliuliza.

"Mlozi," alisema Tuda. "Uko hapo tangu tukiwa watoto."

"Umechanua."

"Huchanua kila mwaka."

Hadu aliutazama mpaka shingo ikageuka, akakaribia kujikwaa, na Yamna akamshika fulana. Kisha wakapita mbele ya jukwaa, wakaingia kona, wakazunguka tena ili auone vizuri.